Alhamisi za Shemeji Dismasi

Ngarenaro, Arusha
Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Hanna,

Pokea salamu zangu kutoka huku mjini. Shikamoo uliyompa Vaileth imenifikia, marahaba. Nataraji goti lako la kulia limetulia, na kwamba vidonge unavinywa baada ya kula, si kabla kama ulivyozoea. Mimi sijambo kwa umri wangu. Mvua imeanza kunyesha, na Meru hatujauona tangu juzi kwa mawingu.

Ulipopiga simu Jumapili uliniuliza kama kuna maana ya kumnunulia mjukuu wako Vaileth kompyuta mpya yenye prosesa ya mwaka huu, kwa kuwa wenzake chuoni wanamcheka kwamba anatembea na kompyuta ya bibi yake. Ukasema kwamba Mwalimu, yaani mimi, akisema ndiyo ni ndiyo, na akisema hapana mjadala umefungwa. Kisha, tukiwa tunaagana, ukasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka wake wa mwisho marehemu mumeo Dismasi alikipenda kitanda cha huku kwangu Ngarenaro kuliko nyumba yake, na kwamba mpaka leo hujui ulimkosea nini. Mimi nikakohoa, nikasingizia mtandao. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu ningekohoa tena.

Nianze na kompyuta. Prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote ndani ya mashine. Katika kompyuta nyingi za kubeba za siku hizi kimeshikamanishwa na bodi, hakichomolewi, kwa hiyo kubadilisha prosesa maana yake ni kununua kompyuta nzima. Kila mwaka wenye viwanda hutoa mpya na kutangaza kwamba ina kasi zaidi. Ni kweli inayo, lakini ukiiweka kando ya ile ya mwaka uliotangulia tofauti ni ndogo, na mtu anayeandika kazi za chuo hataiona. Ya Vaileth ina miaka mitatu. Fundi Khalfani, jirani yangu, amuongezee memori, itamfikisha mwisho wa masomo. Asinunue. Hilo ndilo jibu langu, na safari hii halina kitu nyuma yake.

Nasema safari hii, kwa sababu Dismasi naye aliniuliza swali hilohilo.

Unakumbuka usharika ulipomkabidhi kazi ya kutengeneza filamu ya jubilei ya kanisa. Alizunguka na simu yake akiwarekodi wazee, mpaka wa kule Momela, halafu kompyuta yake ikashindwa kuzibeba zile picha. Ilikuwa na miaka kumi na mbili. Alipompelekea Khalfani, Khalfani aliizungusha mikononi akamwambia kwamba mashine hii ilipaswa kustaafu kabla ya Mwalimu, na kwamba yeye hutengeneza wagonjwa, hafufui. Dismasi alicheka mpaka akashika kifua. Ndipo akaanza kushuka kila Alhamisi kufanyia kazi kwenye kompyuta yangu.

Tangu mke wangu Aika afariki, nyumba hii haikuwa na sauti ila ya redio. Siku za Alhamisi nilikuwa naamka mapema, nafagia mwenyewe, naloweka maharage ya makande. Dismasi alikuja na ndizi ulizomfungia, tukabishana juu ya kahawa na siasa za usharika, akaniita mzee wa chaki, nami nikamwita mpiga picha wa harusi asiyelipwa. Hakuna siku nyingine ya wiki iliyokuwa na mtu ndani yake.

Februari mwaka jana, alipotoka hospitali walikomwambia kwamba moyo wake umetanuka, alipita kwangu. Alikuwa ameona kompyuta dukani kwa Khalfani na uwezo wa kuinunua alikuwa nao. Akaniuliza kama inafaa. Nikamwonyesha jedwali lililolinganisha prosesa ile na ya mwaka uliotangulia, nikamwambia aone mwenyewe tofauti ilivyo ndogo, na kwamba mwenye busara angesubiri toleo lijalo. Kila nilichomwambia kilikuwa sahihi. Lakini Dismasi hakuwa na ya mwaka uliotangulia. Alikuwa na ya miaka kumi na mbili, na kwa mtu wa namna hiyo, anayetengeneza video, mashine ile ingekuwa mkombozi. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika jedwali. Julai akauliza tena, nikamjibu vilevile. Akashukuru.

Hanna, kuna baya zaidi. Video ikishapangwa, kompyuta huchukua muda kuiunganisha iwe kitu kimoja, na muda huo hutegemea ubora unaouchagua. Mimi ndiye niliyekuwa nachagua. Nilikuwa naweka ubora wa juu kabisa, ambao ukuta wa kanisa lenu, ambako filamu ingerushwa, usingeweza kuuonyesha, ili kazi isiishe kabla ya Ijumaa na shemeji alale. Alikuwa akiniuliza kama haiwezi kwenda haraka. Nilimwambia mambo mazuri yanataka subira.

Baada ya mazishi niliimalizia filamu ile peke yangu, kwa ubora wa kawaida. Ilichukua dakika arobaini. Ndiyo mliyoionyesha Jumapili ya jubilei, na mchungaji akanisimamisha mbele ya watu, wakanipigia makofi. Wewe ulikuwa safu ya pili.

Basi hukumkosea kitu. Ile Julai nilimuuliza ana haraka gani na kompyuta. Akanijibu kwamba daktari hakumpa miaka mingi, ingawa wewe alikuficha hilo, na alitaka kazi hii aifanyie barazani, wewe ukiwa hapo unachambua maharage, mkigombana juu ya kuku wa jirani. Alisema hivyo hivyo, juu ya kuku. Hakuwa anakukimbia. Siku zile zilizopungua kwako nilizichukua mimi, ndugu yako wa tumbo moja, kwa kuwa nilikuwa mpweke na nilikuwa na maneno ya kitaalamu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nilizoea kupanda huko Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Hii ijayo sitapanda mpaka unitumie neno, na usipolituma nitaelewa.

Msalimie Nalepo wa jirani na wote wa jumuiya. Vaileth ndiye mleta barua hii. Hajui kilichomo, na ukiona vema ajue, mwambie. Mungu akulinde, na goti ulifunike usiku.

Ni mimi kaka yako,
Daniel