Sukari ya Jongoo na Sindano ya Mama

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulimi umezoea. Nakuandikia nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji ya maabara hapa Kilifi, maana kila nikikaa nainuka tena. Mama amelazwa Malindi. Ni mguu, Baba. Umevimba kama ulivyovimba wako, na daktari amesema ni maradhi yale yale: damu imeganda ndani ya mshipa. Yako ilipanda mapafuni kabla hatujajua tunapigana na nini.

Dawa ipo. Ni sindano ya tumboni, mpaka vidonge vishike kazi. Lakini unamjua Mama, hali kitu bila kuuliza kimetoka wapi. Alimuuliza nesi, nesi naye hakumficha: dawa ile hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Mama akashusha gauni lake, akajifunika shuka mpaka kidevuni. Nilimbembeleza, nikalia, nikamfokea mbele za watu. Akanitazama, akasema, "Wewe si unayo ile ya jongoo bahari? Nidunge hiyo ya babako."

Ya babako. Ndivyo anavyoiita.

Uliondoka kabla sijaanza kazi hii, basi nikueleze. Majongoo bahari uliyokuwa ukiyapasua, ukayachemsha, ukayafukia mchangani ili uyasugue vizuri, sisi tunautaka ule ukuta mnene wa mwili wake. Ndani yake mna sukari, wala si ya chai. Ni mnyororo mrefu wenye matawi madogo yaliyobeba salfa, na matawi hayo ndiyo yanayozuia damu isigande. Tukiyakata, damu inaganda kama kawaida. Nilipoyaona hayo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu kwetu Muyeye nzima hakuna aliyekubali kuonja jongoo, hata wewe uliyewauzia watu. Ulisema hayo ni ya kusafirishwa tu.

Lakini sukari hiyo ikiwa nzima ina vituko. Inazuia damu kuganda, na papo hapo inafanya chembe nyingine za damu zishikane. Inatengeneza huku, inaharibu kule. Kwa hiyo tunaukata mnyororo vipande vifupi, na vipande hivyo vinaonyesha dalili njema ndani ya vichupa. Ndani ya vichupa, Baba. Hii yetu hajadungwa mtu.

Jana alfajiri nilifungua friji nikatoa kichupa. Nikakirudisha. Nikakitoa tena. Niliogopa Mama atakufa kwa kukataa dawa, nikaogopa zaidi nisije nikamuua mimi. Nikakumbuka ulivyonifinya sikio siku niliyoshindilia kuni chini ya sufuria ili tumalize mapema, majongoo yote yakapasuka. "Una pupa, Zainabu," ulisema. Ninayo bado.

Nikafunga friji, nikaenda Malindi kwa shehe wa msikiti wetu, nikamleta hadi kitandani. Alimweleza Mama kwamba penye dharura, na dawa nyingine haipo, kuokoa roho kunatangulia, wala hana dhambi. Nilikuwa nazunguka kitanda kama kuku anayetaka kutaga. Kisha Mama akafunua tumbo mwenyewe, akamwita nesi. Sindano ilipotoka akanigeukia.

"Hii nimekubali kwa dharura," akasema. "Na dharura haiwi ya milele. Kafanye kazi."

Basi nimerudi kazini. Mguu wake haujapungua bado, simu naishika kila mara, na usingizi siupati. Nakukumbuka mpaka nakasirika.

Mola akupanulie kaburi, Baba. Nakuahidi hakuna kichupa kitakachotoka humu kwa pupa yangu. Na siku dawa hii itakapothibitika, wa kwanza kupelekewa atakuwa Mama. Namuomba Mungu nimkute hai.

Mwanao,
Zainabu