Fundo la Rimberia

Isiolo, Agosti 1966

Ndugu yangu Mbae,

Nakusalimu kwa upendo kutoka Kiwanjani. Mbuzi wa jirani wamemaliza sukuma wiki yangu yote bustanini.

Nilifurahi uliponialika Mombasa, katika ile merikebu ya milingoti mitatu ambayo wageni wa likizo wenyewe huvuta kamba na kupandisha matanga. Mume wangu Rimberia alinifundisha mafundo kwenye turubai la lori lake, huku akinicheka: "Mwalimu, hilo hata mbuzi atalifungua! Utatuaibisha baharini." Mwishowe nililiweza fundo lake.

Wiki iliyopita alikwenda Merti katika msafara unaolindwa na askari, kwa kuwa mashifta huvamia malori njiani. Jana lori lake lilirudi likiendeshwa na mtu mwingine.

"Bwana yako amebaki kidogo, mwalimu. Anakuja."

"Nani alifunga mzigo huu?"

"Ni yeye, mama."

Halikuwa fundo lake, Mbae, na Rimberia haruhusu mkono mwingine ufunge mzigo wake.

Tafadhali mpe mtu mwingine nafasi yangu merikebuni. Ile kamba ya mazoezi nimefungia lango, kwa fundo lake, ambalo yeye hulifungua hata gizani.

Dada yako asiyetoka nyumbani,
Gaceri