Usiniambie Kama Amefika

Kisiwa cha Kilwa, 20 Januari 1977

Mdogo wangu Nkulu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Kifua cha shemeji yako kimepona, tunamshukuru Mungu. Wewe je, unalala?

Ndiyo, wamefika! Mitumbwi yote uliyotengeneza hapo Kabuta imevuka ziwa ikafika, na wenyewe wamekula ugali hapa kwangu. Utaniuliza mpaka lini? Marehemu Patson alizama kwa sababu upepo uliupindua mtumbwi uliomtengenezea, si kwa ufa. Mteja wako Chisenga analalamika kwamba mtumbwi wake unauziba, unaufungua, unauziba tena. Na Beauty atamfikiaje mume wake huku baada ya Pasaka, kama wewe baba yake humruhusu kupanda chochote? Nenda Lubumbashi kwa yule daktari wa hofu, nakuomba.

Dada yako mkubwa, Yaya Angèle

Lubumbashi, 2 Machi 1977

Yaya Angèle,

Naamini nyote ni wazima. Mimi nina nafuu. Daktari ni mama mpole, ila hachoki kuuliza. "Wakikuambia bwato, mtumbwi wako, imefika, roho inatulia mpaka wakati gani?" Nikasema mpaka jioni, kisha nauliza tena. Akaniambia kila jibu linanituliza kidogo na kuilisha hofu.

Tunapima mawazo yangu moja moja: lipi nimeliona kwa macho, lipi naliogopa tu. Kufikiri kwamba mtu atazama hakumzamishi. Sasa nafunga mlango mara moja, naondoka bila kurudi kuushika. Hofu inapanda, jasho linanitoka, halafu inashuka yenyewe. Sikuamini!

Kwa hiyo nakuomba jambo gumu. Beauty akivuka, usiniandikie kama amefika, hata nikikulilia. Kukiwa na msiba nitausikia kama watu wote.

Mdogo wako, Nkulu

Kisiwa cha Kilwa, 19 Machi 1977

Nkulu wangu,

Hatujambo, ila barua yako imenikasirisha. Dada gani anamnyima mdogo wake neno moja? Shemeji yako akasema, "Angèle, majibu yako hayakumuponyesha. Nyamaza."

Basi nitanyamaza. Utaniona mbaya. Vumilia, nami nitavumilia.

Yaya yako

Kabuta, 30 Aprili 1977

Yaya yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Huku afya ni nzuri, nalala.

Mtumbwi wa Chisenga niliuziba mara moja, nikarudisha vyombo vyangu vya kazi nyumbani. Beauty alipopanda na sufuria zake aliuliza, "Baba, hauangalie tena?" Nikamwambia nimekwisha kuangalia. Wakaondoka, yeye na Chisenga. Niliketi mchangani, mke wangu kando yangu, mpaka hofu ikachoka.

Kesho yake nilikuandikia nikikusihi. Hukujibu. Siku hiyo nilikuchukia, Yaya, nakwambia wazi. Wiki iliyofuata nilikutana na shemeji sokoni Nchelenge. Nilimwuliza bei ya samaki, naye, aliyekufundisha kunyamaza, akanitajia bei ya samaki tu.

Najua unavyopenda kuandika, na jinsi ulivyojizuia. Hakuna aliyewahi kunifanyia jambo gumu namna hiyo. Asante. Nimeanza mtumbwi mwingine.

Msalimie Beauty.

Mdogo wako, Nkulu