Kuku Aliyelipia Chakula cha Kamanda

Mama,

Asubuhi ulipokuwa misa, alikuja mzee nisiyemfahamu, ameshika kuku aliyekufa. "Binti, huyu mbwa wenu mnamlisha nini siku hizi?" Aibu ilinijaa. Ulinionya nilipomwachisha Kamanda chakula cha dukani nikaanza kumpa vichwa vya kuku vibichi. Nilitaka tu awe na afya, kumbe namfundisha kuwinda.

~~Mchana mpe maini mabichi.~~ Mchemshie dagaa, uchanganye na ugali. Usimfungue. Na usinicheke, nimechoka.

Nilikuahidi kwamba akiua kuku wa mtu nitalipa kwa wangu. Mzee amekataa jogoo, kwa sababu wake alikuwa anataga. Ameondoka na yule mtetea wangu aliyekuwa anaatamia. Mayai yake tisa bado yana joto. Mwekee kuku wako mweusi ayaatamie.

Binti yako msomi