Kaburi ya Muzee Théodore Juu ya Source ya Ngezi

Mama Immaculée mupendwa,

Unisaidie mbele kichwa yangu ipasuke, sababu kwa nyumba hakuna mutu ninaweza kumwambia hii maneno bila yeye kukimbia kuipeleka kwa mwingine.

Miye ni muke wa bwana, niko na batoto, wa kwanza ni Plamedie, tunaishi Ngezi mu lupango, kiwanja ya baba mukwe yangu, Muzee Théodore, na katikati ya ile lupango, pale mulima unaishia, njo kunatokaka source, chemchemi ya maji yenye avenue muzima inachota, asubui utakuta bidon zimepangwa mpaka kwa barabara. Nafasi ya source Muzee aliitoa mwenyewe, hakuuzisha, alisema maji haiwezi kuwekwa mulango, kisha komite ya maji ikaanzishwa na batu bakanichagua miye perezida, wengine banasema ni sababu niko na mudomo, lakini miye naona ni sababu niko muke wa mutoto wa mwenye udongo.

Wakati ya kujenga, fundi ya maji alitupandisha siye bote uku juu, akatuonyesha kama maji haizaliwe mu tiyo, mu bomba, ni mvula inaingia mu udongo ya mulima, inashuka pole pole kati ya muchanga na mawe, inakutana na udongo ya ngumu, inakosa njia, njo inatoka pale kwetu, kwa hiyo mutu akitaka kulinda source hapana kulinda béton, analinda mulima. Tukafanya mukutano, tukakubali sheria: mètre trente, kusema makumi tatu, kupanda juu ya source, hakuna choo, hakuna shimo ya takataka, hakuna kaburi. Miye njo niliisoma mbele ya batu, na chef wa avenue akaweka muhuri.

Unajua, mama, siye uku tunazikaka batu yetu mu lupango, karibu na nyumba, na mama mukwe yangu analala pale juu tangu mbele ya source kujengwa. Fundi alisema ile kaburi ya zamani muiache, lakini ingine isiongezeke.

Sasa Muzee iko mugonjwa sana. Shemeji yangu Dany, mukubwa wa bwana yangu, yeye anafanyaka biashara ya dhahabu uku Bambu, akafika na camion ya matofali, simenti na karo, vigae ya kubandika, akashusha yote nyuma ya nyumba, akasema Papa amemwambia anataka kulala pembeni ya Mama, na kaburi itakuwa ya béton, karo mpaka juu, hakuna kitu itapita. Nikamukumbusha sheria. Akacheka: «Sheria ya source? Source iko mu lupango ya nani?» Bwana yangu Gauthier alikuwa anaangalia chini, kisha tukiwa siye babili akaniambia, «Mama Plamedie, ukifungua mudomo kwa hii maneno, siku ya matanga ya Papa utakaa na bageni, hautakaa na bokilo wenzako, bake wenye baliolewa hapa kwetu.» Ile neno haijatoka mu roho yangu.

Na kuko Dorothée, jirani, alikimbia vita na batoto yake, akapewa ka nafasi uku juu ya source, bwana yake akaanza kuchimba choo, na miye mwenyewe nilienda na komite nikabaambia bafunike. Bakafunika bila kulalamika, bakachimba ingine mbali, ata leo batoto yao banatembea sana kwa kufika pale. Dorothée aliona camion ya Dany. Hakuniuliza kitu, alinisalimia tu, na ile salamu, mama, ilinichoma kupita matusi.

Muzee mwenyewe analala mu chumba ya mbele, haongei sana. Kila asubui ninamupelekea maji ya source, siku ingine anakataa, anasema haina utamu. Siku matofali ilikuwa inashuka akaniuliza, «Mama Plamedie, banajenga nini?» Nikamujibu, «Papa, ni jikoni ya mupya.» Kwetu bokilo hawezi kuongea kifo na baba mukwe yake, ni kama unaiita.

Njo nafikiri: nitoke perezida mbele kilio ya Muzee ifike, mwingine aingie, Dany azike vile anataka na mukono yangu isiwe ndani. Ao nipeleke maneno kwa chef, na nyumba yangu ivunjike. Ao ninyamaze tu, sababu kaburi moja itafanya nini? Unijibu mbio, mama, sababu Muzee anazidi kushuka.

Mama wa komite, Ngezi

*

Mama wa komite,

Majina yote nimesha badilisha mbele ya kuchapa barua yako, kwa hiyo pumua. Lakini camion ya karo haifichikake, na ninazani avenue yako ilijua haya maneno mbele yangu.

Nakuhurumia, kweli. Kumwambia muke atakaa na bageni kwa kilio ya mutu mwenye anamupelekea maji kila asubui, ile ni kitisho ya mubaya, na Gauthier wako alipashwa kusikia haya. Huruma yangu inaishia pale, sababu mu barua yako kuko vitu haikunipendeza.

Tuanze na maji. Unauliza kaburi moja itafanya nini. Nitakuambia bila kukutisha: pengine haitafanya kitu. Pengine batoto bataharisha kidogo na mutasema ni maembe. Lakini sikiliza vile inaendaka. Udongo njo inachujaka maji yenu. Mvula inaingia na uchafu yake, inashuka pole pole, inafika kwa tiyo safi. Ukichimba kaburi, unatoa ile udongo yenye ilikuwa inachuja, na unashusha maiti karibu na maji. Kisha mvula ya mingi inakuja, maji ya chini nayo inapanda, vinakutana. Karo ya Dany itakuwa juu, kwenye batu bataiona. Chini ya kaburi mafundi yetu banaachaka udongo mutupu, na maji inapita chini. Kwa hiyo ile karo italinda heshima ya familia mu picha. Source haitalindwa.

Na kisha kumuzika Muzee pale, mwingine atakuja na maiti yake: perezida mwenyewe alizika pale, miye nakatazwa na nani? Kisha atakuja mwenye choo. Source haiuawe na kaburi moja, inauawa na ile siku batu bote banajua kama sheria imekufa. Siku ile, mama, hakuna fundi wa kuitengeneza.

Shemeji yako anauliza source iko mu lupango ya nani. Umujibu hivi: document ya lupango inakupa kulima na kujenga. Maji ya chini haijui mupaka, inatoka kwa jirani wa juu na inaenda kwa jirani wa chini, na sheria ya inchi yetu inasema ni ya Leta, ya serikali, kusema ya siye bote. Muzee alitoa nafasi ya kuchotea. Maji hakuitoa, sababu haikuwa yake, na yeye alielewa ile kuliko batoto yake.

Sasa weye. Unataka kutoka perezida mbele ya kilio. Eh! Kusema siku ya choo ya Dorothée ulikuwa perezida, na siku ya kaburi ya kwenu unakuwa mupita njia? Yule mama alikimbia vita, hana lupango, hana camion, hana shemeji wa dhahabu, na alifunika shimo yake sababu weye ulisema. Ukikimbia leo, ile sheria uliisomea bamaskini peke yao. Miye ningekuwa Dorothée, nisingekusalimia ata kidogo.

Basi, utabakia perezida. Utaita mutu wa hygiène wa zone de santé, ule wa usafi na afya, aje muchana, mbele ya chef na mbele ya Gauthier, na asije kushitaki mutu, aje kuonyesha nafasi. Umeandika source iko katikati ya lupango. Kumbe kuko udongo yenu ingine chini yake! Pale maji imesha toka, kama hakuna jirani mwenye kisima karibu, mutu anaweza kulala bila kusumbua bidon ya mutu. Na kwa kumulaza karibu na muke wake, chukueni udongo kidogo juu ya kaburi ya Mama, muweke ndani ya yake, pastere aombe. Dany anaweza kuweka karo yake yote pale, ata ya rangi, hakuna mutu atamukataza.

Nafika kwa ile ilinikasirisha. Munabishana juu ya kaburi ya mutu mwenye iko mu chumba ya mbele, na masikio yake inasikia. Dany anasema Papa alisema. Weye haukusikia, na Gauthier haukuandika kama alisikia. Na nani alimwambia Muzee kama pale pembeni ya muke wake njo maji ya avenue inapita? Pengine akijua bado atataka pale, na kazi yenu itakuwa ngumu, sikudanganye. Lakini ni yeye alikataa maji kuwekwa mulango. Mumupe nafasi ya kusema neno yake mwenyewe.

Utaniambia desturi. Naijua, na miye niko bokilo wa batu. Kwa hiyo usiingie peke yako. Familia yenu haiwezi kukosa shangazi, dada wa Muzee, na shangazi njo anaongeaka ile siye bokilo hatuwezi kutamuka. Akae pale kwa kitanda. Yeye ataongea kifo. Weye utaongea maji, na hakuna desturi inakukataza kuongea maji.

Na usiniandikie tena kama haukupata njia ya kuanza. Muzee alikuanzishia. Alisikia matofali inaanguka nyuma ya nyumba yake, akauliza banajenga nini, na hakuna mutu mu ile lupango alimujibu kweli. Kesho asubui, ukimupelekea maji yake na shangazi pembeni, usitoke mbio. Ngoja amalize kunywa. Kisha umwambie haikuwa jikoni.

Mama Immaculée