Kitambaa cha Mimbari na Mkono wa Fundi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu imeacha kukuvimba. Wajukuu zako hawajambo. Yule mdogo ameota meno mawili ya juu na sasa anamng'ata kila anayempakata. Mimi naendelea vizuri, ila mfupa wa mtulinga bado haujaunga sawasawa, ndiyo maana mwandiko umepinda. Naandika karatasi ikiwa magotini.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini. Umeniuliza kama ni kweli nimemlaza Mwislamu kwenye chumba chako, na kama ni kweli nilikwenda polisi nikamtaja kaka yangu wa tumbo moja. Yote mawili ni kweli, Shangazi. Lakini aliyekuandikia alianzia mwisho. Ngoja mimi nianzie mwanzo.

Mwislamu huyo ni fundi wa nguo, na hukuwahi kumwona, maana ulisafiri kabla sijaanza kazi kwenye chumba chake cha ushonaji. Tulishona chumba kimoja, cherehani yake dirisha la kulia, yangu la kushoto. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Ni mgane, hana mtoto. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata kola. Akisikia cherehani yangu inakwenda kasi anauliza, "Mama, unashona au unakimbizwa?" Saa ya swala ikifika hutandika mswala wake nyuma ya meza ya kukatia, nami napunguza redio. Miaka sita hatukuwahi kugombana kwa ajili ya Mungu. Tuligombana kwa ajili ya mkasi.

Unajua mimi ndiye ninayetunza vitambaa vya kanisani. Mwaka huu kile chekundu cha mimbari kiliingia ukungu, wazee wakaniambia nikiondoe. Nikakikata vipande, nikafumua misalaba ya uzi wa dhahabu, na vipande nikampa Sindano afutie mafuta ya cherehani. Msalaba mmoja ulinipita. Ni huo tu, Shangazi. Mmoja, wa ukubwa wa kiganja.

Kiongozi wetu wa kwaya alikwenda Jumamosi kuchukua suruali yake, akaliona hilo tambara. Pale alilitia mfukoni tu. Jumapili ibada ilipokwisha akasimama kwenye ngazi za kanisa akalinyanyua, limeloa mafuta meusi, msalaba katikati. "Angalieni wanavyotufanyia!" Kaka alikuwa amesimama kando yake. Mimbari ile aliichonga yeye, akairanda kwa mikono yake mwenyewe, na useremala wake wote haujapata kazi aliyoipenda kama ile. Walionisimulia wanasema hakupiga kelele. Aliondoka tu kwenda kuchukua nyundo.

Mimi nilikuwa ndani nakunja vitambaa. Nilipotoka, ngazi zilikuwa tupu na mayowe yameshafika mtaa wa pili. Nilikimbia na viatu mkononi.

Nilipofika, mlango wa chumba chetu ulikuwa umeng'olewa. Walikuwa wamejaa ndani, wengine bado na majoho ya kwaya tuliyowashonea mimi na Sindano. Walikuwa wamempiga Sindano kwa miguu ya kiti mpaka uso umevimba jicho halionekani. Damu ilikuwa imerukia hata ukutani, kwenye karatasi za vipimo vya wateja. Kila akijaribu kusema neno, mtu alimpiga mdomoni. Halafu wakamlaza kifua juu ya meza ya kukatia. Kiongozi wa kwaya akamshika kifundo cha mkono wa kulia, akaukandamiza pale tunapopimia vitambaa, akasema, "Mkono huu ndio uliofutia msalaba."

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata polisi sijawaambia. Nilinyamaza. Nilisimama pale mlangoni, mtu mmoja tu katika wote wale aliyejua ukweli, na ulimi ukagoma. Nilikuwa nawaza: wakijua ni mimi, watanigeukia. Nilikuwa nawaza watoto. Kaka akanyanyua nyundo, ikashuka. Nikaona vidole. Akanyanyua tena, ikashuka tena. Sindano alipiga ukelele ambao sikujua mtu mzima anaweza kuutoa.

Baada ya pigo la pili ndipo sauti ikatoka. "Ni mimi! Ni mimi niliyempa hicho kitambaa! Mwacheni!"

Kaka hata hakugeuka. "Ondoka hapa. Unamtetea huyu kuliko damu yako?"

"Nakuambia ni mimi! Msalaba niliusahau mimi!"

Akanyanyua nyundo mara ya tatu. Nikajitupa juu ya meza, juu ya mkono wa mzee wa watu. Nyundo ikanipata hapa begani, nikasikia mfupa ukivunjika kama kijiti kikavu. Nilianguka na uso wangu ukaangukia damu yake.

Hapo ndipo wakarudi nyuma, maana sasa walikuwa wamemvunja mwenzao. Mmoja katika kurudi nyuma akaipiga teke pasi ya mkaa, makaa yakaingia kwenye mapande ya nguo, moto ukashika. Wakakimbia wote, Shangazi. Wote. Kaka naye. Aliyetushika miguu akatuburuta nje, mimi kwanza kisha Sindano, ni fundi viatu wa chumba cha pili, ambaye haendi kanisani wala msikitini na hujisifu kwa hilo kila siku. Cherehani zote mbili ziliteketea. Chumba alichokuwa akilala Sindano, kule nyuma, nacho kiliungua na kila kilichokuwamo.

Hospitali walimkata vidole viwili. Cha tatu kipo, lakini hakikunji. Hana ndugu, hana pa kwenda. Ulitaka nimpeleke wapi?

Siku ya pili tangu tumlete nyumbani walikuja kutupiga mawe mchana kweupe. Dirisha la mbele lilivunjika, vioo vikaingia mpaka kwenye sufuria ya uji. Baba watoto alikaa mlangoni siku tatu na panga mapajani, yeye ambaye hata kuku huniachia mimi nichinje. Watoto walilala chini ya kitanda. Mawe yalipokwisha, tuliyaokota, tukajaza ndoo.

Mchungaji alikuja. Alikaa kiti cha marehemu baba, akazungusha kofia mikononi, akasema, "Kumhifadhi ni huruma, na hilo nalisifu. Ila mwambie asiswali humu ndani. Hii ni nyumba ya Kikristo."

Nikamwuliza, "Mchungaji, nilikuambia mwenyewe hospitalini kwamba kitambaa nilikitoa mimi. Mbona Jumapili hukuwaambia watu?"

"Kanisa litagawanyika, binti yangu."

"Limeshagawanyika. Wengine wako mahabusu, na vidole vya mtu vimetupwa na takataka za hospitali."

Aliondoka bila kuomba. Tangu hapo sijaitwa kukunja kitambaa chochote. Jumapili naenda, nakaa benchi la nyuma, na benchi hilo huwa langu peke yangu.

Usifikiri nimebadili dini. Yesu uliyenifundisha wewe, ukiniwekea kidole kwenye mistari, ndiye huyohuyo. Wala sisemi kwamba dini zote ni moja. Mimi na Sindano tumebishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Ninachosema ni kwamba sijasoma mahali popote Bwana alipomshika mtu mkono ili mwingine aupige.

Na usifikiri namficha malaika. Ana hasira kali. Juzi alimrushia baba watoto kikombe kwa sababu alitaka kumfungia vifungo vya shati. Siku nilipothubutu kumwombea kaka msamaha, aliniambia, "Mama, usiniombe nimsamehe. Omba nisimkute njiani nikiwa na mkasi." Ningekuwa mimi, ningesema zaidi.

Ndiyo, polisi waliponiuliza nani alishika nyundo, nilisema ni kaka. Walitaka niseme palikuwa na vurugu, sikuona vizuri. Niliona vizuri. Kila Alhamisi nampelekea chakula mahabusu. Mara nne alikisukuma kikarudi, mara moja alikimwaga chini mbele yangu. Wiki iliyopita alikipokea. Akala ameinama, kisha akasema, "Sikukuona. Nyundo ilikuwa imeshaanza kushuka."

Nikamwambia, "Uliniona, kaka."

Akaacha kutafuna. Akafunika bakuli, akanirudishia kupitia dirishani. Habari za mkono wa yule mtu hakuuliza. Sijui kama atauliza.

Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Nitasema niliyoyaona, na mara hii nitasema pia kwamba nilisimama mlangoni nikanyamaza, mapigo mawili yakapita. Wakitaka kunifunga kwa hilo, wanifunge.

Umeandika kwamba hutaikanyaga nyumba hii mpaka atoke. Nyumba ni yako, aliijenga babu, na chumba kile ulizaliwa humo. Lakini simtoi, Shangazi. Ukija utalala kitandani kwangu, baba watoto atahamia kwa watoto. Alfajiri utamsikia akiswali upande wa pili wa ukuta, nawe utasali upande wako, kwa sauti unayotaka. Ukishindwa kuja nitalia, unajua nitalia. Ila simtoi.

Nisalimie watoto pacha wa binamu yangu na yule mkweo mpishi. Mwambie mama wa pacha nguo za ubatizo nitamshonea kwa cherehani ya kuazima, ila asubiri bega lipone. Baba watoto anakuamkia, na watoto wanauliza utawaletea nini. Mungu akulinde huko uliko, akuponye miguu, na akuweke hai mpaka tuonane.

Ni mimi ninayekupenda hata ukiwa umenikasirikia,
Binti wa kaka yako.