Upande Ulioharibika wa Chungu

Bibi yangu,

Pokea shikamoo mbili leo, maana moja imenikwama kooni tangu asubuhi.

Niko milimani, juu ya Soni, kwa akina mama wafinyanzi, na ukungu haujatuachia jua. Hapa, chungu kikiwa bado cha moto hakuna kusema wala kuamkia. Wanaamini neno likitoka, chungu kinapasuka. Mwalimu wangu, Mama Eliza, alikiopoa changu motoni kwa fimbo mbichi, akanipa kitawi nichovye kwenye maji ya magome yaliyochemshwa na kukinyunyizia kabla hakijapoa. Kila tone linaungua na kuacha doa jeusi.

Hapo akatokea Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa mvi. Alisimama mbali, maana mwanamume hasogelei moto huu.

"Leo ni zamu ya shamba la ujamaa. Mbona mko huku?"

Mama Eliza akakigeuza chungu kwa fimbo yake.

"Na wewe mgeni, kwenu wazee hawaamkiwi?"

Bibi, ulinilea wewe. Mkono ulitetemeka, nikaendelea kunyunyiza. Akaondoka bila kugeuka.

Kilipopoa, upande mmoja madoa yalikuwa yamekwenda ovyo. Nilitaka kuyakwangua, Mama Eliza akanizuia.

"Acha. Hiyo ndiyo shikamoo yake."

Chungu hiki nilikifinyanga kwa ajili yako, lakini kesho nakipeleka kwa Mwenyekiti. Nitapiga goti kwanza. Najua wewe usingekipokea kabla yeye hajaamkiwa.

Nakukumbuka sana,
mjukuu wako Rehema